Daftari Ndani ya Mashine: Maisha ya Theoneste Rugemalira, 1957–1998

Tumekutana hapa Bweranyange leo Jumamosi, tarehe 20 Juni 1998, kumsindikiza ndugu yetu Theoneste Rugemalira, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Theo. Wasifu huu umeandikwa na familia na unasomwa na dada yake, Laurensia. Marehemu alipenda jambo lielezwe tangu mwanzo, kwa utaratibu, bila kuruka, hata kama chakula kinapoa. Tutajitahidi kumridhisha. Wapishi tumeshawaambia wafunike vyungu.

Theoneste alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika mji huu huu, mtoto wa tatu na wa kwanza wa kiume wa Mzee Polikarpi Tumwine, ambaye alitutangulia mwaka 1986, na Mama Kokubanza, ambaye tunamshukuru Mungu yuko nasi hapa mbele. Mzee Polikarpi ndiye aliyekuwa akiitisha vikao vya wafugaji vya kupanga zamu za kunywesha ng'ombe, na alikuwa na desturi moja iliyowachosha watu. Kikao hakikuanza mpaka yule anayetoka mbali kuliko wote afike, akae, apewe maziwa, aulizwe habari za kwake na za ng'ombe wake. Akichelewa, wote wanamsubiri, hata walio na haraka. Theoneste alikulia katika vikao hivyo, akaamini kwamba ndivyo dunia nzima inavyofanya.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1965. Akiwa darasa la nne aliulizwa swali la mfugaji mwenye ng'ombe arobaini ambao kila mmoja anatoa lita kumi na mbili kwa siku. Akakataa kulijibu. Alisimama akamwambia mwalimu kwa heshima zote kwamba ng'ombe wa namna hiyo huku hawapo, na kwamba swali lirekebishwe kwanza. Alichapwa, akakaa, akakokotoa jibu sahihi, kisha akaandika chini yake: "Lakini si kwetu." Mama Kokubanza alilitunza daftari hilo miaka mingi na kuwaonyesha wageni, wapende wasipende.

Alisoma sekondari Bukoba kuanzia 1972 hadi 1975, na kidato cha tano na sita mkoani Tabora hadi 1977. Mwaka 1978 alikuwa Jeshi la Kujenga Taifa vita vilipoanza huku kwetu Kagera, akapangiwa kitengo cha mawasiliano. Alibeba redio mgongoni miezi saba. Hakupenda kusimulia vita, ila alisema kuna jambo moja alilojifunza huko: ukituma ujumbe na mtu akanyamaza, usiseme amekubali, kwanza uliza kama umemfikia. Mwaka 1980 alijiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu shahada ya hisabati mwaka 1984.

Tarehe 29 Desemba 1984 alifunga ndoa na Speciose, binti wa familia iliyotoka Rwanda na kuhamia Mabira mwanzoni mwa miaka ya sitini. Siku ya kujitambulisha ukweni Theoneste alisalimia mzee mmoja mmoja, akauliza habari za mashamba, za mvua, za wajukuu, za ndama aliyesikia anaumwa, na alipofika kwenye shabaha ya safari ndizi zilikuwa zimeshakuwa baridi. Mama mkwe wake alinong'ona, "Huyu ama ana adabu sana, ama amesahau alichokuja kuomba." Hakuwa amesahau. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza akiwa Celestin, na katika miaka kumi na tatu ya ndoa yao Speciose hakuwahi kufanikiwa kuzifupisha salamu zake.

Alifundisha hisabati katika shule za sekondari za wilaya hii ya Karagwe kuanzia 1985. Mwaka 1988 alipata ufadhili wa kusoma Norwe miaka miwili, na huko ndiko alikokutana na kompyuta zinazotumia Unix. Kwa wasiojua, ndani ya kila kompyuta kuna mfumo endeshi, yaani programu inayoiamsha mashine na kugawa kazi zote zinazofanyika humo. Unix ni mmoja wa mifumo hiyo. Theoneste alimwandikia Laurensia kwamba amekuta watu wa ajabu: "Wanagombana kwa maandishi kutwa nzima juu ya namna mashine inavyopaswa kutunza maneno, wala hakuna anayenyanyua sauti. Jioni wanakunywa kahawa pamoja. Baba angewapenda, ila angewataka waanze kwa kusalimiana."

Alirudi mwaka 1990, akaendelea kufundisha, makazi yake yakiwa Kihanga. Mwaka 1992 Mholanzi mmoja aliyesoma naye alimwandikia barua kwa posta. Yeye na wenzake wa nchi mbalimbali walikuwa wameanza kutengeneza mfumo wao wa namna ya Unix, wakauita Orlix, kila mtu kwake, bila malipo, wakijadiliana kwa barua za kompyuta. Mholanzi ndiye aliyekuwa mratibu wa kundi hilo, ambalo Theoneste aliliita kikao. Alimwomba Theoneste ajiunge. Theoneste alikubali siku hiyo hiyo, tatizo likiwa moja tu, kwamba hakuwa na kompyuta wala simu.

Kompyuta na njia ya kutuma barua vilikuja kwa njia ya majonzi. Mwaka 1994 wakimbizi waliingia kwetu kwa maelfu, na wengi wao walikuwa watoto waliopotezana na wazazi njiani. Mwezi Julai ilifunguliwa ofisi ya kuandikisha watoto hao ili ndugu zao watafutwe, na Theoneste akaajiriwa kutunza orodha. Ofisi ilikuwa na kompyuta tatu, jenereta moja, na redio ya kupeleka barua za kompyuta. Redio ilikuwa chini ya Athanasi, mtu mwaminifu na mgumu, aliyezipeleka barua Jumatatu tu, kwa zamu, za ofisi kwanza na za Theoneste mwisho. Laurensia aliajiriwa kuwasikiliza watoto na kuandika majina yao kwenye daftari. Speciose, aliyekijua Kinyarwanda cha nyumbani kwao, aliwatafsiria.

Hapa marehemu alifanya kosa, na dada yake hana nia ya kulisahau. Mwezi Januari 1995 aliweka Orlix kwenye mashine ya orodha, akaifurahia mno, akatangaza kwamba madaftari sasa yakae pembeni. Laurensia alimwambia, "Theo, mimi naandika huku, wewe unaandika huko. Kuna ubaya gani?"

"Ubaya ni kuandika mara mbili," alisema. "Mashine haisahau, dada."

Alhamisi tarehe 9 Februari 1995 asubuhi waliandikisha watoto arobaini na watatu, moja kwa moja kwenye mashine. Saa tano na nusu jenereta ilikohoa ikazima, kwa kuwa mafuta yalikuwa na maji. Ilipowashwa tena, majina ya siku za nyuma yalikuwepo, lakini ya asubuhi ile yalikuwa yamepotea yote. Theoneste alitafuta ndani ya mashine mpaka jioni. Kisha alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akalia, na wafanyakazi wakampita kwa kumheshimu. Watu wazima wengi tulimwona akicheka, ni wachache waliomwona siku ile.

Kesho yake madaftari yalirudi mezani bila hotuba. Yeye, Laurensia na Speciose walitembea kambini siku tisa kuwatafuta wale watoto upya, hema kwa hema. Walipata arobaini na wawili. Wa arobaini na tatu, msichana mdogo, alikuwa ameondoka mchana ule ule kwa lori lililohamishia watu kambi nyingine, na kule walikouliza hakuna aliyemjua. Theoneste alijilaumu waziwazi, hakusingizia mafuta.

Chanzo alikielewa. Orlix ilikuwa ikiyakusanya maandishi kwanza kwenye kumbukumbu ya umeme, kisha kuyamwaga kwenye diski kwa mkupuo, maana kwenda kwenye diski kila mara kunaichelewesha mashine. Umeme ukikatika katikati, kilichokuwa hakijamwagwa kinapotea. Theoneste akakusudia kulipeleka jambo hili kwenye kikao, akiwa na pendekezo lake, nalo alilipata kwenye meza ya dada yake. Mashine iwe na daftari. Kabla ya kufanya kazi yoyote kubwa, iandike kwenye kipande kidogo cha diski: nataka kufanya hivi. Ikimaliza, ikate mstari. Umeme ukirudi, jambo la kwanza isome daftari ijue ilipoishia.

Barua yake ya kwanza ilikuwa na kurasa nne. Alimsalimia kila mjumbe kwa jina, aliuliza afya za wazazi wao, aliwapa habari za mvua na za migomba, akamwulizia Mjapani mmoja kama mkewe amejifungua salama. Pendekezo lilikuwa ukurasa wa nne. Hakuna aliyefika huko. Mjumbe mmoja, kijana wa Kanada, alijibu kwa upole kwamba inaelekea barua hii ya kifamilia imepotea njia.

Speciose alicheka mpaka akashika mlango. "Baba Celestin, hawa si wakwe zako. Anza na neno lako, salamu weka mwisho."

"Siwezi kuingia kwenye mji wa watu nikaanza na madai," alisema Theoneste.

"Basi salamu mbili. Mvua na afya. Ndama mwache."

Barua ya pili ilikuwa na salamu mbili na pendekezo ukurasa wa kwanza. Athanasi aliituma Jumatatu tarehe 20 Machi. Jumatatu iliyofuata lilikuja jibu la Mholanzi, lenye masikitiko. Kikao kilikuwa kimeshakata shauri hilo hilo, lililoletwa na mjumbe mwingine, siku tatu kabla barua haijafika. Orlix ibaki kama ilivyo, kwa ajili ya kasi. Kanuni yao ilikuwa kwamba shauri likikaa siku saba bila kupingwa limepita, na aliyenyamaza amekubali.

Theoneste alisoma mara mbili, akaenda kwa Athanasi. "Ndugu yangu, naomba leo nitume nyingine."

"Waitu, Mwalimu," alisema Athanasi kwa heshima, "Jumatatu hii umeshapata nafasi yako."

"Athanasi, wewe ulikuwa mezani tarehe tisa Februari?"

Athanasi alikuwepo. Alikuwa miongoni mwa waliompita pale kwenye ngazi. Akavuta kiti. "Andika. Lakini fupi. Betri yenyewe hii."

Barua hiyo tunayo. Ilikuwa na sentensi sita, fupi kuliko chochote alichowahi kuandika, na haina salamu hata moja. "Mnasema aliyenyamaza amekubali. Mimi sikunyamaza, nilikuwa njiani. Kwetu kikao kinamsubiri anayetoka mbali, kwa sababu yeye ndiye anayejua maji yameishia wapi. Mashine zenu hazikatikiwi umeme, zangu hukatikiwa. Tarehe 9 Februari nilipoteza majina ya watoto arobaini na watatu kwa ajili ya kasi hii mnayoijadili. Naomba mjadala ufunguliwe upya."

Hapo wote walisoma. Mjadala ulifunguliwa tarehe 3 Aprili 1995 na ukaendelea hadi Agosti, na hayo yalikuwa majira ya furaha kuu katika maisha yake, familia inashuhudia. Kila Jumatatu alirudi nyumbani na bunda la karatasi, akasoma hoja kwa sauti wakati wa kumenya ndizi, na watoto wakapiga kura kwa mikono. Kijana wa Kanada alipima akasema daftari litaipunguzia mashine theluthi ya kasi. Theoneste akamjibu kwamba mashine ikichelewa nusu dakika, mtoto anasubiri nusu dakika huku anakunywa uji. "Ikipoteza jina lake, anasubiri mpaka lini?" Mjumbe mwingine akashauri kwamba badala ya kubadilisha mfumo mzima, ofisi ipate tu betri ya akiba. Theoneste akaeleza kwa uaminifu kwamba betri ya akiba ilikuwepo, iliazimwa na wanakwaya kwa kipaza sauti cha Krismasi, na bado wanaimba nayo.

Lakini hakuwa mtu wa kushinda kwa kelele. Kijana wa Kanada alikuwa na hoja ya kweli, na Theoneste ndiye aliyekuwa wa kwanza kulikubali hilo hadharani. Alikaa wiki tatu na penseli, akarudi na njia ya kati: daftari lisiandike maneno yote, liandike tu kazi ambazo zikikatikia katikati zinaharibu orodha, na anayetaka kasi tupu aweze kulizima mwenyewe kwa hiari yake. Kasi iliyopotea ikashuka hadi sehemu moja ya kumi na mbili. Yule kijana aliandika, "Nakubali, na samahani kwa ile barua ya kifamilia." Tarehe 21 Agosti 1995 shauri lilipita bila mpinzani. Siku hiyo hiyo Mholanzi alibadilisha kanuni yao. Tangu hapo hakuna shauri linalofungwa kabla ya siku ishirini na moja, ili Jumatatu ya Karagwe ipite. Kikao kiliamua pia kwamba sehemu hiyo ya mfumo iitwe "daftari", kwa Kiswahili, na hadi leo watu wa nchi kumi na moja wanaitamka kila mmoja anavyoweza.

Diski za mfumo mpya zilifika kwa posta kupitia Bukoba mwezi Novemba, wakati wa kukamata na kukaanga senene, kumi na nne zikiwa nzima na moja imepinda. Iliyopinda waliinyoosha chini ya mtungi wa maji. Jumatano tarehe 6 Desemba 1995, baada ya kuandikisha watoto asubuhi nzima, Theoneste aliwaita wafanyakazi wote, akasema anataka mashine izimwe ghafla ikiwa katikati ya kazi. Alimwomba Athanasi achomoe waya.

"Mkono wangu hauendi," alisema Athanasi.

Laurensia aliuliza kwanza kama daftari lake la karatasi liko salama mezani. Liko. Akachomoa waya yeye mwenyewe. Mashine ilipowashwa, ilisoma daftari lake, ikamaliza ilichokuwa imekianza, ikaonyesha majina ya asubuhi ile, sitini na moja, wa kwanza hadi wa mwisho. Theoneste aliwasoma wote kwa sauti, na Laurensia akamfuata kwa kidole kwenye karatasi. Hakuna aliyekosekana. Athanasi alikwenda akawasha redio, ingawa ilikuwa Jumatano.

Kambi zilipofungwa Desemba 1996, watoto elfu moja mia nane na sita kutoka katika orodha ile walikuwa wamerudishwa kwa ndugu zao. Theoneste alirudi kufundisha, akaendelea na kikao cha Orlix kwa barua za posta, akipinga, akikubali, akipeleka salamu zake zote ambazo redio ilikuwa imemnyima.

Mwezi Oktoba 1997 alianza kusumbuliwa na tumbo. Alitibiwa hospitali hapa wilayani, kisha Mwanza, ambako Februari mwaka huu iligundulika ni saratani ya ini. Aliomba aelezwe tangu mwanzo, kwa utaratibu. Daktari alimweleza kwa saa nzima, naye akamshukuru, akamwulizia watoto wake. Alirudi nyumbani Kihanga, akauguzwa na mkewe Speciose na Mama Kokubanza. Maumivu yalikuwa makali na hakuyaficha, lakini siku alizopata nafuu alicheka na wageni, akawasahihishia watoto hesabu. Alifariki dunia Jumatano tarehe 17 Juni 1998, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Tumeumia sana. Tulitaka kukaa naye zaidi.

Marehemu ameacha mama yake, Kokubanza. Mke wake, Speciose. Watoto wake Celestin, Pulkeria na Margreth. Dada zake, Laurensia na Evangelina. Wakwe, shemeji na wapwa wengi. Pamoja na wajumbe wa kikao chake, ambao wengi wao hawakupata kumwona uso. Mholanzi ametuma simu ya maandishi kupitia posta ya Bukoba kusema kwamba kikao kimesimama kwa siku ishirini na moja.

Jambo moja la mwisho. Nyuma ya ratiba mliyoishika hamkuona picha ya marehemu, na baadhi yenu mmeuliza. Alikataza. Wiki mbili kabla ya kufa alimwambia Laurensia kwamba siku hii watakuja watu kutoka Mabira, Kihanga, Kyerwa na hata ng'ambo ya mpaka, wengi kuliko aliowahi kuwauliza kwa siku moja, na kwamba ukurasa ule asipewe yeye. Kwa hiyo tunaomba kila mmoja augeuze sasa, na anayeweza kusoma amsomee wa jirani. Msichana. Februari 1995 alikuwa na miaka kama mitatu, leo ana sita au saba. Ana kovu la moto juu ya kiwiko cha kushoto. Alikuja amebebwa na bibi kizee asiye wa ukoo wake, amekumbatia mfuniko wa kusuka wa kibuyu cha maziwa, wenye mistari miwili myeusi, na alikataa kuuachia. Alitaja jina lake akiwa ameinua uso, kwa sauti ya kusikika, na sisi tukalipoteza. Anayemjua, au anayemjua anayeweza kumjua, amwone Laurensia leo kabla hajaondoka. Atakuwa pale kwenye meza karibu na lango, na daftari.

Theoneste apumzike kwa amani. Sisi bado tunauliza.